Pipa la Pili

Luciana alifukuzwa kazi, akatengwa kanisani, akanyang'anywa uonjaji wa asali, kwa sababu ya chupa ya wiski ambayo hakuinywa. Aliyeinywa ni Antipasi, mdogo wa marehemu mume wake. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, asije mtu akadhani jambo hili lina pande mbili.

Luciana alikuwa mwosha vyombo katika kambi ya wageni wa uwindaji, pembeni ya pori la Rungwa. Antipasi ndiye aliyemtafutia kazi, na hakuacha kumkumbusha. Yeye amesoma, anajua Kiingereza. Alikuwa mhudumu wa meza na mkalimani. Luciana hakuingia darasani hata siku moja. Shule yake ilikuwa baba yake, mzee Melkizedeki, mrina asali wa mizinga ya magome, aliyemfundisha kusukutua kwa maji ya vuguvugu, kudondosha asali nyuma ya kiganja, kuilamba, kufumba macho na kusubiri. Unaanza kuja utamu wa watu wote, mzee alikuwa akimwambia. Usiujali, ngoja unaofuata. Akiwa na miaka kumi na miwili aliweza kusema asali hii ni ya maua ya miti ya miyombo, na hii ilitunzwa kwenye kibuyu kilichowahi kuwekwa pombe, hata kama kilioshwa mara saba. Kikundi cha warina asali hakikufunga ndoo bila ulimi wake.

Mwaka ule, mwezi wa nane, alikuja mgeni mzee wa Kimarekani, mtu mpole, na chupa yake mwenyewe: wiski ya mahindi ya kwao, wanaiita bourbon. Mchana mmoja Luciana aliinusa glasi kabla ya kuiosha, kama anavyonusa kila chombo, akamwambia Antipasi kwamba kinywaji hiki kimelala mahali penye zabibu. Antipasi akacheka, akaenda kumhadithia mgeni. Mgeni hakucheka. Alimwita, akamvutia kiti, akammiminia kiasi cha kijiko.

Luciana ni mtu wa kanisa, akasita. Kisha akasukutua, akaweka tone ulimini, akafumba macho. Ulikuja moto. Akauacha upite. Nyuma yake yakaja mahindi mabichi ya kuchoma, halafu ubao ulioungua, na kitu kama sukari inayoanza kushika sufuriani. Alipodhani yamekwisha ikaja zabibu nyekundu, nzito, na ukakasi kidogo pembeni mwa ulimi, kama wa ndizi isiyoiva vizuri. Akatema kwenye bakuli, kama waonjaji wanavyofanya.

"Ilikaa pipa moja miaka mingi," alisema. "Halafu wakaihamisha. Pipa la pili lilikuwa na mvinyo."

Mgeni aliweka glasi chini. Kwa mdomo wa Antipasi alieleza kwamba ni kweli: miaka saba kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani, kisha miezi michache kwenye pipa lililotoka kuhifadhi mvinyo mwekundu. Kwa wiki nzima alimwita kila alasiri, tone moja tu, akimwuliza leo amesikia nini. Tangu mume wake afariki, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Luciana amesikia nini.

Siku ya nane alionja akajua. Mahindi hayapo, zabibu haipo. Ilikuwa pombe kali ya dukani, imetiwa chai ili ipate rangi. Mwingine angenyamaza. Mwonja asali hanyamazi, maana akinyamaza ndoo moja mbovu inaharibu mzigo mzima. Hilo ndilo kosa lake, na kesho angelirudia.

"Shemeji, mwambie hii siyo ile," alisema. "Mtu amekunywa, akajazia pombe ya dukani na chai."

Antipasi alimtazama kidogo. Kisha akasema Kiingereza kirefu kuliko maneno aliyopewa. Luciana alimwangalia mgeni usoni akingoja hasira. Haikuja. Mzee alimtazama yeye, Luciana, kwa huruma, akatikisa kichwa, akainuka mezani.

Asubuhi yake meneja alimwambia kwamba kwa vile amekiri mwenyewe, na mgeni amemsamehe, hatapelekwa polisi. Akusanye vitu vyake.

"Nimekiri nini?"

"Mama, usinichoshe. Shemeji yako ndiye aliyekutafsiria."

Alimtafuta mgeni, lakini gari lilikuwa limeshaingia porini. Na hata angemkuta, angemwambia kwa mdomo wa nani?

Habari ilimtangulia kijijini. Wazee wa kanisa walimwuliza swali moja: kama si mnywaji, alijuaje kwamba wiski imebadilishwa? Akaeleza juu ya tone, na bakuli, na baba yake. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kumsadiki Antipasi. Walimtenga miezi sita. Imekwisha, lakini benchi analokalia huwa la mwisho kujaa. Kikundi cha asali nacho kilimpa uonjaji Jenipher, binti mwema asiyejua kusubiri. Mwaka jana ndoo kumi na moja zilirudishwa na wanunuzi wa Itigi kwa uchachu. Hakuna aliyekuja kumwita.

Sasa ana mizinga mitatu yake. Akirina anasukutua, anadondosha nyuma ya kiganja, anafumba macho, kisha anasema kwa sauti ndani ya nyumba isiyo na mtu: miyombo; mvua iliwahi; moshi umezidi. Wiski ile pia anaikumbuka, pipa la kwanza na la pili, na anaona haya kuikumbuka, kwa kuwa walimsingizia kiu. Hamu yake si ya kunywa. Ni ya kuulizwa.

Mwezi wa saba alikutana na Antipasi kwenye mashine ya kusaga. Akamsalimia vizuri, watu wakiona.

"Shemeji, yale yalishapita," alisema. "Hata mgeni alisamehe."

"Alisamehe ulichokisema wewe. Nilichosema mimi hajakisikia mpaka leo."

Antipasi akajitwika unga wake akaondoka.

Mgeni hadaiwi kitu. Alidanganywa kwa lugha yake. Kikundi cha asali kinadaiwa kumletea ndoo aonje. Na Antipasi anadaiwa kusimama kanisani Jumapili, mbele ya wazee walewale, ayaseme maneno ya Luciana kama alivyopewa: hii siyo ile, mtu amekunywa, akajazia. Kisha amtaje mtu huyo.