Gunzi, Pia na Mlango Uliotobolewa

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Manyunyu tangu alfajiri, halafu saa nne jua likatoka kwa ghafla na ardhi ikafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa.

Usiku ule wa kuamkia leo alinijia Afande Luhende, aliyetufundisha kulenga shabaha, ambaye tulimzika miaka saba iliyopita. Naandika haya si kwa hofu. Ni furaha. Mimi si mtu wa ndoto. Nyingi ninazoota ni za kuachwa na basi. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Lakini bila jana, ndoto yenyewe haina miguu. Sisi askari wa wanyamapori wa kijiji tuko watano na tuna shotigani moja. Anayeibeba ndiye anayewatangulia akina mama kwenda bwawani kuchota maji, kwa sababu kwenye matete kuna nyati dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, na hasira zake anazimalizia kwa watu. Kwa miaka miwili bunduki imebebwa na Tabu. Masunga, mwenzetu, akalalamika kwamba naye apimwe. Haki hiyo anayo, sitasema hana. Mwenyekiti wa kijiji akaamua: kila mmoja risasi tatu, hatua hamsini, kwenye mlango mbovu uliong'olewa jiko la shule, na duara limechorwa kwa mkaa. Mimi ni mtunza stoo na nilimaliza darasa la saba, nikapewa daftari niandike.

Tunatumia risasi ya donge, ile moja nzito, si gololi zinazotawanyika. Masunga nilimpa tatu za zamani. Akatia mbili ndani ya duara. Tabu alipofika zamu yake nikafungua boksi jipya tuliloletewa mwezi uliopita, maganda mekundu yanang'aa kama pipi. Nakiri hapa: nilidhani namfanyia wema. Kipya kinyemi. Sikumwambia mtu.

Ya kwanza haikuonekana ilikokwenda. Ya pili vilevile. Ya tatu ikagonga pembe ya mlango, mbali kabisa na duara.

"Dada, ungebaki jikoni," Masunga akasema, watu wakacheka. "Huko mwiko hauruki."

"Mwiko nao ukirushwa unajua pa kufikia," Tabu akamjibu. "Sogea karibu nikuonyeshe."

Akacheka kwa mdomo. Macho hayakucheka. Aliigeuza ile bunduki, akautazama mtutu, akanirudishia. Nami nikaandika: Masunga mbili, Tabu sifuri. Halafu nikaandika na barua ya kumvua bunduki, kwa mwandiko wangu mzuri, isainiwe leo saa kumi. Nikalala nayo chini ya mto.

Basi, usiku ule.

Nilikuwa nimekaa darasani kambini, kule tulikofunzwa uaskari, dawati la nyuma, lile nililokuwa nikisinzia. Nje ni mchana mweupe. Afande Luhende ameingia na buti zake za mpira, suruali imekunjwa, ana tope la kaburi au la shamba, sikuweza kujua. Hakunisalimu. Mimi ndiye niliyesimama.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umeandika nini?"

Nikatafuta daftari, sina. Mkononi nina gunzi la hindi, na nyuma ya gunzi kumechomekwa manyoya matatu ya kuku, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Darasa halina tena ukuta. Tumesimama kwenye uwanja wa shabaha, na ule mlango wa jiko uko mbele yetu, umesimama peke yake bila nyumba.

"Rusha," anasema.

Narusha. Gunzi linapaa, kichwa mbele, manyoya nyuma, linakwenda limenyooka kama limeshikwa na uzi. Tok! katikati ya duara. Nikaruka kwa furaha kama mtoto. Afande hacheki bado. Ananyoosha kiganja, na juu yake kuna donge la zamani, la risasi nyeusi, kichwa kimejaa, nyuma limechimbwa tupu kama kikombe. Ubavuni lina mifereji.

"Mifereji hii ya nini?"

Hili nililijua! Nimelisema miaka yote, hata mbele ya wageni. "Ya kulizungusha, afande, ili linyooke."

Hapo ndipo alipocheka, kile kicheko chake cha puani. "Hata ikilizungusha kidogo, si hiyo inayolinyoosha. Mifereji inalisaidia liminyike, lipite mdomo wa mtutu bila kukwama. Njoo."

Akaanza kukimbia. Nami nakimbia. Donge liko katikati yetu, linaruka usawa wa kifua, na sisi, sijui kwa vipi, tunakwenda nalo sambamba, buti za afande zinagonga hewa, kofia yangu imebaki nyuma hatua arobaini. Upepo unavuma mpaka machozi yanatoka. Ninaliona! Kichwa kimejaa uzito, kinatangulia. Nyuma pepesi. Linapotaka kugeuza shingo pembeni kidogo tu, upepo unalikamata lile pindo la nyuma na kulirudisha. Linataka tena, unalirudisha tena. Kama mama anayemvuta mtoto nguo ya nyuma asitoke kwenye mstari.

"Gunzi!" nikapiga kelele. "Afande, ni gunzi hili!"

"Gunzi," anasema. Hata pumzi haimsumbui.

Tunafika mlangoni, donge linapita, linaacha tundu la duara, safi. Tunageuka, na tayari tuko kule tulikoanzia. Safari hii kiganjani mwake kuna donge la boksi jipya. Jembamba, limevaa gamba la plastiki, kama hindi ndani ya maganda yake. Na kwenye mkono wa pili ana pia, ile pia ya mti tunayoipiga kwa kamba.

Anaizungusha pia chini. Inasimama, inalia mmm, haitikisiki. Halafu anaiokota, anaiweka ile ile, wima, bila kuizungusha. Anaiachia.

Ikaanguka ubavu.

Akaniwekea mtutu wa bunduki yetu jichoni, nichungulie. Ndani ni laini, laini tupu, kama bomba la baiskeli. Hakuna michirizi ya kuishika risasi na kuizungusha. Nikaanza kuelewa.

Tunakimbia tena. Gamba la plastiki linapasuka na kubaki nyuma, na donge jipya linabaki uchi. Halina pindo la nyuma la kushikwa na upepo. Lilitengenezwa likimbie likizunguka kama pia, na hakuna aliyelizungusha. Hatua kumi linakwenda vizuri. Hatua ishirini linatazama pembeni. Halafu linaanza kupiga kichwangomba, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, na mimi napiga kelele, "Nyooka! Nyooka!" kana kwamba linanisikia. Likagonga pembe ya mlango kwa ubavu.

Tukasimama. Afande akaweka kidole kwenye lile tundu. Sasa sura yake ilikuwa karibu sana, niliona hata lile kovu la kidevuni nililokuwa nimelisahau.

"Yohana. Umehesabu matundu. Hukuyatazama."

Nilitaka kumwomba msamaha, si kwa Tabu tu, hata kwa kusinzia kule dawati la nyuma. Mdomo umejaa manyoya ya kuku. Yeye ameshaanza kukimbia, anapita katikati ya mlango bila kuufungua, na buti zake zinasikika upande wa pili, mbali, mbali zaidi.

Nikaamka. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Baba Neema, gunzi gani hilo unalolilazimisha kunyooka tangu majogoo?"

Nilivaa shati kinyume nikatoka na manyunyu yale.

Sasa hapa nataka niwe mkweli. Ndoto si ushahidi. Huenda marehemu kaja kweli, huenda ni somo lile lile alilotufundisha nikisinzia, likakaa ndani likingoja. Siwezi kuamua. Kwa hiyo sikwenda kwa Mwenyekiti, nilikwenda mlangoni. Matundu ya Masunga: mawili, ya duara, kidole gumba kinaingia na kutoka. Tundu la Tabu kwenye pembe: refu, vidole viwili vinaingia vikiwa sambamba. Donge lilikuwa limeingia kwa ubavu. Jana nilisimama hatua moja mbele ya tundu hilo na kalamu mkononi.

Nililia kidogo. Mvua ilikuwepo, hakuna aliyejua.

Saa nne, jua lilipotoka, nikawakusanya Mwenyekiti, Masunga na Tabu. Nikasema kwamba jana niligawa risasi za aina mbili, na kosa ni langu, si la mwingine. Boksi nikalitoa, ubavuni limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni za mtutu wenye michirizi. Darasa la saba lote hilo, sikusoma boksi.

Mwenyekiti akauliza, "Wewe haya umeyajua lini?"

"Asubuhi hii, Mwenyekiti. Afande Luhende amenikumbusha."

Wakatazamana. Wote watatu wanajua alikozikwa.

Masunga ndiye aliyesema kwanza, na hili naliandika kwa heshima yake. "Lete moja hiyo mpya nipige mimi." Alilenga vizuri, nilimtazama, hakufanya ujanja. Risasi ikachota vumbi huko kando ya mchongoma. Akakuna kichwa. "Loo. Hii hata ningekuwa nimeishika mkononi isingefika."

Za zamani zilikuwa zimebaki nne. Tabu akapewa tatu. Alisimama, akashusha mabega, na mimi nilifumba macho kwa sababu mimi ni mwoga. Tok. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Tok. Ya tatu nilifumbua macho. Matundu matatu ndani ya mkaa, yote ya duara, mawili yamegusana. Safari hii nilikwenda nikayatazama moja moja kwa kidole.

Tabu hakushangilia. Alikaa chini na bunduki mapajani, akasema taratibu, "Usiku kucha nimekuwa nikijiuliza kama nimeanza kuwa kipofu."

Sentensi hiyo imenichoma kuliko matusi yoyote. Nikamwambia, "Nisamehe, dada." Akasema, "Kaka Yohana, kasome maboksi."

Na Masunga: "Dada, ule mwiko wako nimeukubali, usinirushie."

Barua niliichana mbele yao. Nyingine nimeiandika, Tabu aendelee kubeba bunduki na boksi jipya lirudishwe, ila muhuri uko kwa mtendaji na atarudi Jumatatu. Saa kumi niliwaona akina mama wanateremka bwawani na madumu, Tabu mbele, na za zamani zilizosalia ni moja tu, lakini hiyo moja iko kwenye mtutu wake. Nyati hakutokea.

Jioni Tabu akaleta jogoo kushukuru. Nilimrudisha yeye na jogoo wake mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia nitampokea jogoo muhuri ukishagongwa, si kabla, watu wasije wakasema matundu yamenunuliwa. Labda nilizidisha. Sijui.

Tumekula ugali, mlenda na mahindi ya kuchemsha. Mke wangu akaliweka gunzi lake pembeni ya sahani, akalitazama, akasema, "Haki yako, Baba Neema, imenyooka kabisa. Ila haina mchuzi."