Nilimjengea mama fireplace huku Kilungu, akaniuliza moshi umeenda wapi

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Leo nina kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe, na nitakieleza kilivyokuwa bila kutia chumvi. Mkiona nimejisifu mahali mnivumilie, maana ukuta wenyewe nimeubebea mawe kwa mgongo wangu.

Mimi ni mkulima wa maparachichi huku milima ya Kilungu. Naishi boma moja na mama yangu, mke wangu Mwende na watoto wetu.

Watu wakisikia Ukambani wanafikiria jua na vumbi tu. Njooni huku Julai. Ukungu unakaa mpaka karibu saa ya chakula cha mchana, na nguo ukianika Jumatatu, Alhamisi bado ni mbichi.

Mwende ametoka Zombe, kule Kitui, kwenye joto lenyewe. Tulipooana alikuwa analala na sweta, jaketi, na soksi zangu. Nikadhani msichana wa watu hanipendi. Kumbe ni baridi tu.

Lakini sikujenga fireplace kwa ajili ya Mwende, ingawa hivyo ndivyo anavyowaambia majirani.

Nilijenga kwa ajili ya mama.

Mama anapikia jiko la nje, kile chumba cha matofali chenye mafiga na paa lililojaa masizi. Alikuwa anashinda humo kutwa nzima, na kifua chake kikaanza kuharibika. Akikohoa inabidi ashike ukuta. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba asipoacha ule moshi, na asipokaa mahali pa joto, kifua hakitapona.

Mama akaitikia kwa heshima zote. Tukafika nyumbani, akaenda moja kwa moja jikoni kuwasha moto.

Niliongea mpaka nikachoka. Nikamnunulia gesi, akaifanya meza ya kuwekea sufuria. Nikamwambia aje akae sebuleni na sisi, akasema sebule yangu ni baridi kama kanisa siku ya Jumatatu. Kusema kweli hapo hakunionea.

Wakuu, niliogopa. Baba hayuko tena, na kila nikisikia kile kikohozi cha asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni nikingoja kiishe. Ndipo nikawaza: kama ni moto unaomweka kule, basi moto utakuja huku ndani.

Nikaenda Nunguni kumtafuta Kyalo, fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa hajawahi kutengeneza jiko la kuni la sebuleni, lakini Kyalo hajazaliwa siku ya kusema "siwezi". Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akaiangalia muda mrefu.

"Hii ni geti ndogo iko na tumbo," akasema.

Akachomelea sanduku zito la chuma lenye miguu na kimlango, na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Pembeni ya bomba akaweka kishikio. Ukikigeuza, kuna kibati ndani kinachofunga njia ya moshi. Hicho kishikio mkikumbuke.

Ukuta wa kuzunguka jiko nikasema ni wangu. Mawe niliyatoa shambani kwetu, moja moja, nikiyachagua kama mtu anayeoa. Juu yake tukaweka ubao mmoja mzito, Mwende akaupamba na picha yetu ya harusi.

Hapa kidogo nitoke nje ya mada kwa wale wanaopanga kujenga. Bomba lipite juu ya mgongo wa paa, la sivyo upepo unarudisha moshi ndani. La kwetu mara ya kwanza lilikuwa fupi, tukatoka mbio wote. Bomba lisiguse mbao ya dari. Na pale linapotoboa mabati, hakikisheni fundi ameziba vizuri, maana mvua ya kwanza ilinyeshea kochi langu. Kyalo alisema kochi lilikuwa limekaa vibaya.

Basi, siku moto ulipokubali, nyumba ikageuka. Mwende alivua jaketi mwezi wa Julai. Watoto wakalala kwenye zulia bila kuambiwa. Mimi nikawa nazunguka na kikombe cha chai nikiangalia ukuta wangu kutoka kila pembe.

Mama akaja, akakaa, akanyoosha miguu. "Ni mzuri," akasema. Akamaliza chai.

Halafu akainuka akarudi jikoni kwake.

Kesho yake hivyo hivyo. Anakuja, anasifu, anakunywa chai, anarudi kwenye moshi. Mwende aliniambia nimpe muda. Mimi nikasema huyu mama ana kichwa ngumu. Niliumia, sitaficha. Nilijiona nimejenga kitu cha kupigia picha tu, na mgonjwa wangu bado anakohoa kule nje.

Mwishowe nikamfuata jikoni.

"Mwaitu," nikamwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "hiyo moto ya ndani ni yako. Hama kabisa. Leta vitu zako zote."

Akaniangalia. "Zote?"

"Zote."

"Sawa," akasema.

Nikamwonyesha namna ya kuweka kuni na kile kishikio kinavyofanya kazi, nikarudi kwa maparachichi yangu nikiwa na furaha.

Jumamosi wamama wa kanisa wakaja kutuombea. Huku kwetu huwezi kuongeza kitu kikubwa kwa nyumba bila maombi, na sifa za fireplace zilikuwa zimefika hadi sokoni. Mimi nilichelewa shambani. Nikanawa haraka, nikaingia wakiwa wamesimama tayari kuimba.

Hawakumaliza wimbo. Moshi ulianza kutoka kwa kile kimlango, kwanza kidogo, halafu kama mtu ameuita. Mama Ndunge, ambaye sauti yake haijawahi kushindwa na kitu pale kanisani, alikatiza katikati ya neno. Wamama wakafunika nyuso kwa leso. Mwende akakimbilia madirisha.

Mimi nikainua macho kuangalia bomba. Nikaona mahindi.

Yalikuwa yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yameanikwa kwenye fimbo ya pazia kutoka kona hadi kona. Pale kwa picha ya harusi palikuwa na kibuyu cha mama, cheusi kwa masizi. Na kile kishikio kilikuwa kimegeuzwa, njia ya moshi imefungwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya jiko, anakohoa, lakini uso umeridhika kabisa.

"Mwaitu, ni nani amefunga hii kitu?"

"Ni mimi. Si ulisema nilete vitu zangu zote?"

Nikafungua njia ya moshi. Nikamtoa nje kwenye hewa, wamama wakatufuata wakijipangusa macho. Alipopata pumzi akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mtoto:

"Umenijengea moto haina moshi. Moshi yote inaenda juu kwa ndege. Sasa mbegu yangu italindwa na nini?"

Wakuu, hapo nikageuka nikayaangalia yale mahindi kupitia mlangoni.

Yale mahindi ni mbegu ya kwetu. Nyanya yangu alimpa mama alipoolewa hapa, na kila mavuno mama huchagua mahindi bora na kuyatundika juu ya mafiga. Moshi unayakausha na kuyapaka masizi, na fukusi, wale wadudu wa kutoboa nafaka, hawayagusi. Kuna mwaka mbegu ya dukani ilikataa kuota, na nusu ya kijiji walikuja mlangoni kwa mama na vibakuli. Hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Nimeyaona yale mahindi juu ya kichwa changu tangu utotoni. Na bado nilidhani anashinda kule kwa sababu ya ukaidi. Alikuwa anajua kabisa moshi unamuua. Aliona akiacha, mbegu inaisha.

Mama Ndunge ndiye aliyemjibu, akimwita mama kwa jina langu.

"Lakini Mama Muthama, mbegu inataka moshi. Haijasema inataka wewe."

Mama akafikiria. Halafu, wakuu, wamama wote wakageuka polepole wakaniangalia mimi.

Niwaambie wazi, huku mwanaume mzima hakai jikoni kando ya mafiga. Ukionekana humo watu wanauliza kama mkeo amekuacha. Mwende alikuwa ameuma leso asicheke.

"Utaweza?" mama akaniuliza.

"Ni moshi tu," nikajibu.

Walicheka mpaka maombi yakaanza upya.

Si moshi tu. Moto ukizidi, mbegu inaiva na haitaota. Ukipungua, fukusi wanaingia. Inabidi uanze na kuni kavu, kisha uweke mbichi kidogo, utoke ukae mlangoni, urudi uangalie. Wiki za kwanza mama alikuwa ananusa akiwa sebuleni na kuwatuma watoto.

"Baba, nyanya amesema hiyo ni moshi ya chai, si ya mbegu."

Majirani waliongea, wakachoka. Mmoja alikuja kunicheka, siku hizi anakaa na mimi pale mlangoni.

Mvua ilipokuja tukapanda. Mahindi yalipochomoza mama akasema twende tukaone. Tulitembea mstari wa kwanza hadi mwisho, mteremko wote, na sikumwona akishika mti wala bega langu. Akainama akagusa mche mmoja.

"Zimeota," akasema. Nilitaka kulia, nikasingizia upepo.

Akanitazama. "Na wewe unakohoa nini?"

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kumhamisha mtu wako mahali panapomuumiza, muulize kwanza anachunga nini pale. Mimi ningeuliza mapema, wamama wa kanisa wangemaliza wimbo wao.

Nyinyi huko kwenu mbegu mnaitunza vipi? Na kama kuna fundi amewahi kutengeneza bomba linalopitisha moshi kwa ghala kabla ya kutoka nje, aniandikie hapa, Kyalo ameshasema anaweza na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mniwie radhi kwa makosa ya kuandika. Niko hapa mlangoni pa jiko, machozi yananitoka, na mama amefungua dirisha la sebule, miguu iko kwa moto, ananiambia niongeze kuni mbichi.