Sikio la Mahari

Ekaju alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kule Kirewa, mtu wa josho na sindano, na mwaka wa 1967 alikuwa amebakiza ng'ombe mmoja tu wa mahari amwoe Aguti. Wakwe zake, waliokaa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya karibu na Busia, walikwisha kuja zizini kwake wakajichagulia wenyewe, kama ilivyo desturi: mtamba mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Na aliyechaguliwa na wakwe habadilishwi hivi hivi.

Wiki mbili kabla ya kupelekwa, mtamba akafa kwa ndigana. Ndiyo, kupe walimuua ng'ombe wa bwana josho mwenyewe. Kirewa nzima ilicheka mpaka ikashika mbavu.

Mwingine angelia. Ekaju alilikata sikio la marehemu akalitia ndani ya chupa ya spiriti. Alikuwa amesoma katika jarida la mkubwa wake kwamba huko Uingereza wataalamu walitoa kiini cha chembe ya utumbo wa kiluwiluwi, wakakipachika kwenye yai lililoharibiwa kiini chake, na yai likatoa chura mzima. Habari hiyo ilimwingia kichwani ikakataa kutoka.

Jumamosi akavuka mpaka kwa baiskeli, chupa mfukoni.

"Baba mkwe," alimwambia mzee Ilukor mbele ya ukoo, "sikio hii iko na ng'ombe mzima ndani. Kila chembe iko na maagizo yote, ya pembe, ya kwato, ya maziwa. Lakini ya sikio iliambiwa isome ya sikio tu, ingine inyamaze. Ukiweka ndani ya yai, inasahau sikio yake, inaanza mwanzo."

Ukoo ulilipokea jambo hilo kwa uzito wake. Mjomba Emong aliuliza kama na baka la tumboni limo. Limo. Shangazi akataka kujua mtamba huyo atazaa lini.

"Wazungu bado wako kwa chura," Ekaju alikiri.

Ilukor aliitikisa chupa, akaitazama juani. "Tumepokea," akasema. "Mahari imekamilika."

Ekaju nusura adondoshe machozi ya furaha. Akaomba mkewe. Shangazi akaingia ndani, akatoka na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na unywele mmoja.

"Umetoka na mzizi wake," Ilukor alisema. "Aguti mzima yumo humo. Nenda naye salama, mwanangu, umtunze."

"Baba, sasa hii nakaa nayo namna gani?"

"Uambie usahau unywele. Uanze mwanzo."

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Aguti, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko katika gauni jipya la kuolewa, hakucheka. Ekaju alipomwona, ikamshika aibu ambayo hata Kirewa haikuweza kumtia. Akairudisha bahasha kwa mikono miwili, akaomba apewe muda hadi mavuno, atafute mtamba anayepumua.