Mikono ya Donatus kwenye Lami

"Hujasikia? Baba Aneth mikono imemwisha!" Mama Denis alisema huku akigeuza maandazi kwenye mafuta. "Jana kakaa hapo ulipo wewe, katoka Kahama, kaagiza chai. Kikombe kikacheza, kikacheza, nusu ikamwagikia suruali. Mtu mzima yule! Mimi nasema karudia gongo. Kama si gongo, basi ni ule ugonjwa uliomla baba yake."

Salome alikuwa amekuja kununua maandazi ya safari, mwanawe Dorika yuko mgongoni. Akasahau kuhesabu chenji, maana asubuhi ile ile walikuwa wanaondoka Ushirombo kwenda Kahama, bibi yake Dorika akamwone mjukuu kwa mara ya kwanza, na dereva wa kuwapeleka alikuwa huyo huyo Donatus, Baba Aneth, mwenye nyumba wao.

"Na unapanda naye?" Mama Denis akauliza, kijiti chake kikiwa na andazi linalochuruzika mafuta. "Haya. Mshike mtoto vizuri, mayo, mama yangu."

Donatus alikuwa anaipangusa pikapu kioo, kama kila asubuhi. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, hata joto likiwa kali. Mtu huyu alijifunza kuendesha kwenye malori ya pamba huko Kishapu akiwa kijana, akarudi kwao Bukombe, akamwoa Martina, na tangu hapo watu wa mtaa ule hawakumjua bila usukani. Jumapili alibeba kwaya. Siku za kazi alibeba mpunga, simenti, na viroba vya marudio, ule mchanga uliokwisha pondwa ambao wanawake huuosha tena kutafuta dhahabu iliyobaki. Mama Dorika mwenyewe uchungu ulipomshika, mume wake akiwa machimboni, ni Donatus aliyempeleka hospitali, akiongea na gari njia nzima: "Twende mama, twende taratibu, usitupige mashimo." Kundi la ng'ombe likikatiza barabara hakupiga honi. Alizima injini akangoja. "Hawa hawana haraka ya Kahama," alikuwa anasema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pandeni mbele, nyuma mpunga umejaa."

Salome aliona aibu, lakini kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono. Ilipokea mfuko wa nepi, ikafungua mlango, ikamfinya Dorika shavu. Ilikuwa imetulia kama mikono ya mtu yeyote.

Walipoingia kwenye lami Donatus hakukimbia. Mshale ulisimama arobaini ukabaki hapo. Mabasi yakawapita, malori yakawapita, hata pikipiki yenye abiria watatu na mbuzi ikawapita, na kondakta mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Mzee! Unasindikiza jeneza?"

Donatus akampisha.

"Nafikiri umesikia wanayosema kwa Mama Denis," alisema baadaye.

"Nimesikia, baba."

"Na Mzee Nuruddin amesikia, huko huko Kahama aliko." Huyo ndiye alikuwa mwenye pikapu, mfanyabiashara wa mpunga. "Kanipigia jana. Kasema, Donatus, leo ukishusha mzigo niwekee ufunguo mezani. Sitaki gari langu lizike watu." Akatazama kioo cha pembeni. "Na mimi siwezi kumbishia. Nikiwa kwenye lami mikono inatetemeka kweli. Nikishuka bado inawasha, siwezi kushika kikombe. Baba yangu alianza hivi hivi. Kwanza vidole, halafu kijiko, halafu tukawa tunamlisha."

"Mafundi wameliangalia gari?"

"Wawili. Wamebadilisha bushi, wamebadilisha tairodi, wamelinyanyua kwa jeki wakatikisa magurudumu. Wanapanda, wanalizungusha sokoni, wanarudi: gari zima hili, mzee. Sasa gari likiwa zima, mgonjwa ni nani?"

Salome aliwaza sokoni kulivyo: matope, mikokoteni, mbuzi, wauza nyanya chini. Hata baiskeli hushukwa ikakokotwa.

"Baba, pale sokoni linaweza kukimbia?"

"Wapi! Mwendo wa kuku."

Dorika alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, na maji yake yalikuwa yametulia tuli. Salome akaitazama tena mikono ya mzee kwenye usukani.

"Mbona sasa hivi haitetemeki?"

"Nikienda taratibu inatulia."

"Na nyumbani, ukila?"

"Inatulia. Labda niwe nimetoka safari."

"Sasa baba," Salome akasema polepole, kama mtu anayeogopa kukosa adabu, "huo ugonjwa unajuaje kwamba gari limeongeza mwendo?"

Donatus akageuza kichwa akamtazama. Akarudisha macho barabarani. Akamtazama tena. Halafu akatoa kicheko kimoja kifupi, kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Shika mtoto," alisema. "Na weka kiganja chako hapa, kwenye usukani. Usinisaidie, uguse tu."

Akakanyaga. Hamsini, kimya. Sitini, kimya. Sabini ilipopita, kitu kikaanza kupigapiga ndani ya kiganja cha Salome, haraka haraka, kama moyo wa kifaranga ukimshika mkononi. Themanini, usukani mzima ukawa unacheza, na maji kwenye chupa ya Dorika yakaota vipele.

"Baba! Ni usukani! Mimi sina ugonjwa wa baba yako, na mkono wangu unatetemeka!"

"Ngoja! Ngoja kwanza!" Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya kijana. Akatoa gia. Injini ikashuka, gari likaserereka lenyewe, na mtikisiko ukabaki vile vile. "Umeona? Si injini." Akagusa breki kidogo kidogo. Haukuzidi. "Si breki. Unakwenda na mwendo, mwanangu, unakwenda na mwendo! Kinachozunguka ndicho kinachotikisa. Ni magurudumu!"

"Si uliyajua haya, baba?"

"Nilikuwa nawatengenezea wenzangu, Kishapu kule! Lakini mtu akikwambia mgonjwa ni wewe, unaacha kulitazama gari. Unajitazama mikono."

Walipofika Masumbwe akaegesha pembeni, akaweka mawe chini ya matairi, akavua shati lile la vifungo, jambo ambalo Salome hakuwahi kuliona. Alifungua magurudumu ya mbele akayapeleka nyuma, ya nyuma akayaleta mbele, huku jasho likimtiririka na yeye akiimba nyimbo za Sadaka. Wapita njia wakasimama.

"Mzee, pancha?"

"Hamna pancha!"

"Sasa unafungua nini?"

"Nafungua uongo," akajibu, watu wakacheka bila kuelewa.

Walipoondoka, Salome aliutazama mshale. Sabini. Usukani kimya. Themanini. Donatus akaushika kwa vidole viwili tu, ukakaa sawa, umetulia. Lakini kiti! Kiti kilikuwa kinawatetemesha makalio yote matatu, mashavu ya Dorika yakawa yanachezacheza kama uji kwenye bakuli, na mtoto alipofungua kinywa kulia, sauti ikatoka kwa vipande, "a-a-a-a-a," akajishangaa mwenyewe, akaacha kulia akairudia kwa makusudi.

"Umehamia nyuma!" Donatus akapiga dashibodi. "Tumeyahamisha magurudumu, nao umeyafuata! Ee Mungu wangu, mimi mzima! Mama Dorika, mimi mzima!"

Macho yake yalikuwa yamelowa. Salome akajifanya anamfuta mtoto mdomo.

Kahama hawakwenda kwa Mzee Nuruddin kwanza. Walikwenda kwa Maige, fundi wa matairi karibu na stendi, kijana mwenye sauti kubwa ambaye ana ile mashine ya kubalansi magurudumu. Aliweka la kwanza, akalizungusha, akatazama namba, akapiga mluzi.

"Babu, hili limelewa! Na hili lingine limelewa zaidi. Vipande vyako vya risasi, vile vya kusawazisha gurudumu, viko wapi?"

"Si viko hapo ukingoni?"

"Viko wapi hapa? Njoo uone." Akafuta vumbi kwa kitambaa. Kwenye ukingo wa rimu palikuwa na alama ndogo zinazong'aa, safi, mahali kitu kilipokaa miaka na kuondolewa juzi juzi. Kando yake, mikwaruzo ya bisibisi. "Havikuanguka hivi. Vimebanduliwa. Sijawahi kuona mwizi wa namna hii. Mtu anaacha tairi anaiba risasi!" Akatoa kipande kipya kwenye kopo, akamrushia Donatus. "Kama hivi."

Salome akakichungulia kikiwa kwenye kiganja cha mzee. Kidogo, kizito, rangi ya kijivu, na juu yake pamechongwa namba ishirini na herufi ya gramu.

Akasogea karibu na mzee.

"Baba," akanong'ona. "Mimi nimeviona hivi. Bwawani kwa wanawake wanaoosha marudio. Mama Aneth anavifunga kwenye kona ya kanga."

Donatus akakigeuza kile kipande kiganjani. Habari yenyewe aliijua, mtaa mzima uliijua, na aliyejivuna nayo kuliko wote ni yeye. Mnunuzi wa dhahabu pale bwawani alikuwa anawapunja wanawake siku zote, hawana ushahidi, mpaka siku Martina alipofungua kona ya kanga yake, akatoa kitu, akasema, "Kabla ya dhahabu yangu, pima hiki kwanza, cha gramu kumi." Mzani ukasoma nane. Wanawake walimzomea yule bwana mpaka akapanda pikipiki yake. Kila mnunuzi anayekuja sasa, mzani wake unapimwa kwanza na Martina. Donatus hakuwahi kuuliza mke wake alivitoa wapi. Na Martina ndiye aliyekuwa anaiosha pikapu kila Jumamosi. Kwake yeye hivyo vilikuwa vichuma tu vilivyogandia ukingoni, vimeandikwa gramu, havimsaidii mtu.

Alikaa juu ya tairi bovu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Maige naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Walipofika dukani, Mzee Nuruddin alikuwa mlangoni na kanzu yake, mkono umenyooka kupokea ufunguo.

"Shikamoo mzee. Ufunguo nakupa," Donatus akasema. "Ila panda kwanza."

"Nipande nife?"

"Mtoto mchanga kapanda kutoka Ushirombo, yuko hai."

Mzee akamtazama Dorika, Dorika akamwonyesha fizi. Akapanda. Salome akabanwa katikati, na Donatus akaishika barabara ya Kagongwa. Sabini. Themanini. Mia! Usukani ulikaa, kiti kilikaa, maji kwenye chupa yalilala. Mzee Nuruddin aliweka kiganja kwenye dashibodi, akakiweka mlangoni, akainama kuitazama mikono ya dereva wake kwa karibu kabisa, kama anayesoma maandishi madogo.

"Hebu achia mmoja."

Donatus akaachia mmoja, akaunyoosha mbele ya uso wa mzee. Haukucheza hata ukucha.

"Lilikuwa na nini?"

"Risasi za magurudumu, mzee. Hazikuwepo."

"Zimekwenda wapi?"

"Njia zetu unazijua," Donatus akajibu, macho mbele. "Vitu vinapotea."

Mzee Nuruddin akaegemea kiti. "Geuza," akasema. "Kuna mpunga wa kwenda Runzewe kesho. Nani ataupeleka, mimi?"

Jua lilikuwa bado kali Donatus alipomfikisha Salome nyumbani kwa mama yake. Salome alikuwa hawezi kutulia. Alishuka akiongea, akachukua mfuko akiongea.

"Nikirudi, baba, naanzia kwa Mama Denis! Nitamwambia mbele ya wateja wote. Halafu namwambia Mama Aneth, atacheka huyo, atacheka mpaka—"

"Mama Dorika." Donatus alikuwa ameuzima moto wa gari. Mikono yake miwili ilikuwa imelala juu ya usukani. "Wabeja sana, mayo, asante. Kwa Mama Denis nenda, mwambie gari ndilo lililokuwa linatetemeka, mwambie mpaka achoke. Ila nakuomba kitu kimoja. Vile vipande usivitaje. Martina akijua, atalia, na atavirudisha leo leo, namjua. Na wale wanawake bwawani watapimiwa tena kwa mzani wa wizi. Nimeshaweka vipya, gari halivihitaji vile. Mwache abaki navyo. Utaninyamazia, mwanangu?"