Prosesa Niliyoilazimisha

Binti yangu wa mwisho alichagua vipande vya kompyuta yake kwa miezi mitano. Mimi niliiharibu kwa muda usiofika nusu saa, kisha nikawaacha watu waamini kwamba aliyeiharibu ni yeye.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alifanya kazi katika duka la fotokopi pale Kona ya Musa, na jioni, wateja wakipungua, mwenye duka alimruhusu kucheza gemu kwenye mashine za dukani. Sikujua kwamba alikuwa hodari. Nilijua tu kwamba anachelewa kurudi Msambweni, na kwamba vijana wa Ukunda wanamwita kwa jina ambalo sikumpa mimi. Siku moja alitueleza, mimi na mamake, kwamba kuna timu Nairobi ya watu wanaolipwa kucheza. Wamemtazama mtandaoni na wanataka kumjaribu. Sharti lilikuwa moja: awe na mashine yake mwenyewe yenye nguvu kabla ya mchujo, wiki ya pili baada ya Idi. Kununua iliyokwisha kuundwa hakuweza. Angeiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande.

Alikuwa na daftari la shule, kila kipande na ukurasa wake. Aliwahi kunieleza, na kwa haki alieleza vizuri.

"Baba, kila bodi ina kikalio chake. Prosesa ndiyo ubongo, na inakaa kwenye kikalio cha aina yake tu. Zinaweza kufanana kwa macho, zikalingana hata ukubwa, na bado zisipatane."

Kumbukumbu nayo lazima ikubaliwe na bodi, na kifaa cha umeme kiweze kuvibeba vyote. Alikuwa amepima urefu wa kasha kwa utepe wa mamake wa kushonea, ili kadi ya picha isije ikagonga ukuta.

Mimi nilikuwa fundi katika hoteli za Diani kwa miaka ishirini na minane. Mgeni akija na plagi ya miguu miwili, soketi ikamkatalia, nilichomeka kalamu kwenye tundu la juu, soketi ikafunguka, plagi ikaingia. Bomba lisiloingia nililichoma moto nikalisukuma. Kitasa kilichokataa nilikipiga tupa. Mameneja walikuwa wakisema, "Mwiteni mzee, kwake hakuna kisichoingia." Nilistaafu nikiamini kwamba huo ndio ufundi wote. Kwa hiyo mtoto aliponiambia kwamba kuna vitu havipatani, nilihisi ananitukana.

Wenzangu wawili tuliostaafu pamoja walikuwa wakija barazani kwangu kila siku baada ya Alasiri kunywa kahawa. Siku moja binti yangu alipita na boksi la bodi, lililokuwa limefika kwa basi kutoka Nairobi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," mmoja wao alisema. "Hiyo nini tena, keki?"

"Ni bodi ya kompyuta, Baba. Vimebaki vitatu. Nahakikisha kwanza vinapatana."

Hapo nikaingia mimi. "Huyu msimwone hivi. Ni mshenga huyu! Anakaa na daftari lake anavichunguza ukoo, nani anamfaa nani. Sanduku la vyuma linatafutiwa mchumba, na yeye mwenyewe, tangu wale wa Waa wageuze njia, hakuna aliyebisha hodi tena."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Yeye naye alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka wakubwa wakicheka, akaingia ndani. Ni kweli kwamba watu kutoka Waa walikuja kumposa, kisha wakanyamaza. Wenzangu walilijua hilo. Ndiyo maana ilichekesha.

Wiki iliyofuata nilikuwa naenda Mombasa kutazamwa macho. Binti yangu akanipa pesa za prosesa, na karatasi aliyoandika namba yake kwa herufi kubwa.

"Hii tu, Baba. Kama hawana hii, rudi bila kitu, tafadhali."

Walikuwa nayo. Lakini kando yake palikuwa na nyingine yenye namba kubwa zaidi, na bei ileile. Kijana wa duka aliniuliza bodi yetu ni ya aina gani. Sikuijua, na niliona aibu kusema sijui.

"Inakubali zote," nikamwambia.

"Una hakika, mzee?"

"Kijana, mimi nimeshika nyaya kabla hujazaliwa."

Nikachukua yenye namba kubwa. Nyumbani aliufungua mfuko, akatazama.

"Baba, hii si yake."

"Ni kubwa kuliko yako."

"Haikai, Baba. Kikalio chake ni kingine. Lakini si neno, haijatumika. Jumamosi nitakwenda kuibadilisha." Kisha akasema, "Ahsante kwa kunipangia foleni."

Ile ahsante ndiyo iliyonichoma. Angenipigia kelele ningeridhika.

Kesho yake asubuhi yeye alikuwa kazini na mamake amekwenda matangani Kwale. Nilitoa bodi, nikaiweka mezani karibu na dirisha, nikailaza prosesa juu ya kikalio. Zililingana ukubwa. Kilichozuia ni vijino viwili vya plastiki ukingoni, kila kimoja mfano wa punje ya mchele. Nilicheka peke yangu. Yaani kwa ajili ya punje mbili za mchele mtoto anataka kufunga safari ya Mombasa! Nikachukua wembe, nikavikata. Nikailaza tena prosesa, nikashusha mkono wa chuma unaoibana. Ulikataa. Nikauegemea kwa dole gumba, kama nilivyoegemea vitu miaka ishirini na minane.

Ulitoa sauti kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali.

Nilipoinua, niliona. Ndani ya kikalio kuna pini mamia kwa mamia, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na mwanzo zote zilikuwa zimeinama upande mmoja kwa mpango. Sasa pembe moja zilikuwa zimelala ovyo, kama majani yaliyolaliwa na mbuzi. Nilijaribu kuzinyoosha kwa sindano ya mke wangu, nikavunja mbili. Nikakirudishia kikalio kifuniko, nikarudisha bodi kwenye boksi lake. Nikaifuta prosesa, nikairudisha kwenye lake. Vile vijino nikavitupa dirishani. Kisha nikatawadha, nikaswali Adhuhuri.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Sikuogopa. Nilimkasirikia.

Jumamosi alikwenda akabadilishiwa. Jumapili alasiri alitandika mkeka sebuleni aanze kuunda, na mimi nikawaita wenzangu waje kutazama. Hilo nalo nalikiri: niliwaita mwenyewe. Nilijua litakaloonekana, na nilitaka lionekane mbele ya watu wa upande wangu.

Alikifungua kikalio, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akawasha tochi ya simu. Kisha nikaona kidole chake kikipita taratibu ukingoni, pale vilipokuwa vile vijino. Kikapita mara ya pili. Akainua macho.

"Baba, kuna mtu aliyeifungua hii?"

"Nani aifungue? Si wewe uliyekuwa ukiifungua kila siku ukiitazama kama kioo?" Nikawageukia wenzangu. "Miezi mitano ya daftari, jamani!"

"Basi tena, mwanangu," mmoja akasema, "turudi kwenye fotokopi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Binti yangu alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi kumi. Kisha akasema, akiwaambia wageni, si mimi:

"Nimekosea mimi. Niwieni radhi, nimewapotezea jioni yenu."

Akarudisha kila kipande kwenye boksi lake.

Bodi nyingine haikupatikana kwa wakati. Aliiandikia timu kwamba hayuko tayari, bila kutoa sababu, nao wakachukua mtu mwingine. Maneno ya barazani kwangu yalifika Ukunda, na pale dukani wakawa wanamuuliza kila asubuhi leo anavunja nini. Aliviuza vipande kimoja kimoja, akaacha kazi ile, akaenda kuwa mpokezi katika nyumba ya wageni Diani. Amepanga chumba hukohuko. Huja kwetu Ijumaa moja kwa mwezi, ananiamkia, ananiletea dawa zangu.

Mwaka huu, miaka mitatu baadaye, nilimweleza. Alikuwa anamenya viazi, mamake ametoka. Nilisema yote kama nilivyoyaandika hapa. Hakuacha kumenya.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Plastiki ilikatwa kwa wembe, Baba. Ndani ya nyumba hii nani anakata vitu kwa wembe?"

"Mbona hukusema?"

"Kulikuwa na watu." Akachukua kiazi kingine. "Nilingoja waondoke. Nikangoja kesho yake. Nilikuwa nikikuona umemaliza kuswali, najiambia, leo atasema. Nilingoja mwaka mzima, halafu nikaacha."

Nilimuuliza kama amenisamehe.

"Nitaendelea kuja," akasema. "Dawa nitaleta. Lakini hilo usiniulize tena, Baba, kwa sababu nitajibu ndiyo, na itakuwa ni adabu tu."

Katika wale wenzangu wawili mmoja amekwisha kufa. Nilikwenda kwa aliyebaki, yule aliyesema turudi kwenye fotokopi, nikamweleza kwamba ni mimi: namba niliichagua mimi, wembe niliushika mimi, pini nilizilaza mimi. Hasikii vizuri, hivyo nilirudia kwa sauti ya juu, mkewe na wakwe zake wakiwa wamekaa palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Wewe ni baba kweli," akasema. "Hata leo bado unambebea msichana makosa yake."

Nikarudia mara ya tatu. Mkewe akaniletea chai.