Kidonda Kilichonyamaza

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alizaliwa na ualbino, na jua la milima ya Mbinga halikumwonea huruma. Alilima ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, kama wanawake wote wa Umatengo, kitambaa tu kichwani. Mwaka mmoja kahawa ilipoiva akawa na kidonda shavuni, karibu na sikio. Kilikuwa chekundu, kinawasha na hakikauki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya mche na kiberiti tu sasa yalijaa vitu ambavyo hata muuzaji hakujua kazi yake. Krimu ilipandishwa kutoka bandari ya Mbamba Bay ikiwa kwenye tyubu nyeupe, na mwenye duka akasema inatibu kila kitu cha ngozi. Mama mdogo akajipaka. Haikupita wiki, wekundu ukatoweka na muwasho ukakoma. Mimi, mwenye ulimi usiotulia, nilimtania kwamba sasa atatuibia wachumba.

Aliyefurahi kuliko wote ni bibi, mama yake. Katika ngoro tunalaza majani yaliyofyekwa, tunayafukia kwa udongo, nayo yanaoza chini kwa chini mpaka mahindi yanastawi juu. Bibi aliamini ugonjwa nao ni hivyo hivyo: ukiufukia vizuri, utaoza wenyewe. Akamkataza mwanawe kukichokonoa. Kila kidonda kilipochungulia, alipakwa krimu.

Lakini uso ule ulianza kunitisha. Ngozi ikawa nyembamba, inang'aa, mishipa ya damu ikaonekana kama michoro. Siku moja tulikuwa tukimenya kahawa kwa mashine ya mkono, na nzi wakayaacha maganda matamu wakatua kwenye shavu lake, pale pale palipoonekana pasafi. Hakuwahisi. Niliwafukuza, wakarudi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna kitu kinasogea humo ndani, kinaelekea shingoni.

Nilimpeleka hospitali kwa ugomvi na bibi. Daktari alimbonyeza shingo kwa muda mrefu, akasema ni saratani ya ngozi, akaomba kuiona tyubu. Alituambia mna steroidi ndani yake, jamaa ya homoni ambazo mwili wenyewe hutengeneza kwenye tezi zilizo juu ya figo. Wekundu na muwasho ni kelele za walinzi wa mwili, na dawa ile huwanyamazisha. Seli za saratani, zilizoharibiwa na jua, hazinyamazi. Zinaendelea kugawanyika, na walinzi wamelala.

Nikamuuliza kama krimu ndiyo iliyoikuza. Alisema habari ya homoni hizo na saratani haijanyooka; kuna seli zinazopunguzwa kasi na nyingine zinazochochewa, na yeye hawezi kuapa. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba krimu iliuficha ugonjwa hadi ukafika kwenye tezi za shingo. Akataka aiache, kisha arudi kufanyiwa upasuaji. Nilimkasirikia mwenye duka, lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko duka lake.

Mama mdogo aliacha krimu. Baada ya majuma machache shavu likafunguka, pana, jekundu, kana kwamba kitu kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango kikingoja. Watoto wa jirani wakaacha kuja kwetu. Bibi akaingia na tyubu mkononi, machozi yakimtoka.

“Jipake, mwanangu. Ulikuwa umepona, daktari ndiye aliyeuamsha.”

“Mama, sikuwa nimepona. Nilikuwa sionekani.”

Bibi akaketi kando yake, bila kumtazama.

Upasuaji ulifanyika, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapita mahali ambapo kisu kingefika. Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Bibi aliendelea kumlaumu daktari kwa kila aliyekuja kutoa pole, nami sikumbishia tena. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, mama yangu, na kila asubuhi alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamkagua.