Ndama wa Mgombea na Ukuta wa Pingamizi

Niliamini kwa moyo wangu wote, cheti cha shule ya jioni kikiwa mfukoni, kwamba mgombea wetu wa ubunge aliogelea kuvuka ziwa, kutoka Kigongo hadi Busisi, akiwa na ndama mabegani. Enzi za ujana wake hizo. Kivuko kimeharibika, ndama anaumwa, bwana mifugo yuko ng'ambo; basi akajitosa. Mamba wawili wakampisha. Mimi sikuona tatizo lolote. Nilichojiuliza ni kwa nini mamba walikuwa wawili tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimeruhusiwa, na Mwanza magazeti yalikuwa yanaota hata kwenye nyufa za mawe. Ukiwa na taipureta moja na binamu anayechapa kadi za harusi, tayari una gazeti. Letu lilikuwa la kurasa nne, ofisi chumba kimoja juu ya duka la mitumba. Mhariri alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Tulimwita Mwalimu, na alikuwa na uwezo wa kukusahihisha ukiwa bado unapiga chafya. Mimi nilitoka kiwanda cha minofu ya samaki, ambako nilikuwa nimeparua magamba ya sangara ya kutosha kuezekea kanisa. Akanipokea kwa majaribio, akanipa kazi ya kwanza: wasifu wa wagombea wawili wa jimbo.

Nilidhani wasifu ni kumsifia mtu kama bwana harusi. Kumbe ni vita. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: rasimu inabandikwa ukutani kwenye ngazi, pembeni inaning'inia biki kwa uzi. Mwenye pingamizi aandike, lakini aandike pia nani kamwambia. Biki iliibwa mara tatu wiki ya kwanza.

Kila asubuhi walifika mpwa wa mgombea wetu na katibu wa mpinzani wake, wanasukumana ngazini kama wanagombea maji ya bomba. Mimi niliandika: "Aliacha shule darasa la saba." Mpwa akakata: "Alipumzika masomo." Katibu akakata: "Alifukuzwa." Mpwa akarudi mchana: "Alishauriwa kupumzika." Mpaka Ijumaa karatasi ilikuwa na matundu, na bado hatujampeleka mgombea jandoni, achilia mbali bungeni.

"Mwalimu, gazeti lako lina upande," mpwa akalalamika.

"Lina pande mbili," Mwalimu akajibu. "Mbele na nyuma. Nani kakwambia alishauriwa?"

"Mjomba mwenyewe."

"Basi andika: mwenyewe anasema."

Ndipo katibu akafika kwenye aya yangu niliyoipenda kuliko zote, ile ya ndama. Akaandika pembeni maneno mawili: "Nani aliona?"

"Mwalimu, hili kila mtu analijua," nikasema.

"Huyo kila mtu simfahamu. Niletee mmoja aliyeona kwa macho. Ukimleta kufikia Jumatatu, kazi ni yako. Ukirudi na porojo, rudi kwa sangara."

Nikapanda gari la kwanza kwenda Kisesa, mnadani, ambako kila mtu ana habari za kila ng'ombe. Jioni nilirudi na mashahidi watatu kwenye daftari: kinyozi, fundi baiskeli na mama muuza dagaa. Wote walieleza vilevile, mpaka kengele ya shaba shingoni mwa ndama, ikilia majini *ngeli, ngeli*. Nikamsomea Mwalimu kwa sauti ya ushindi.

"Kinyozi alisikia wapi?"

Nikafungua daftari. "Kwa fundi baiskeli."

"Na fundi?"

"Kwa mama wa dagaa."

"Na mama wa dagaa?"

Hapo nilisoma polepole. "Kwa kijana mmoja mcheshi, mpenda kula, aliyepita mnadani kabla ya Pasaka."

Mwalimu akavua miwani. "Hiyo kengele nani aliitia?"

Ni mimi, nilipopita mnadani kabla ya Pasaka nikisimulia kisa hicho. Nilikuwa nimeona ndama bila kengele hanogi.

"Kwa hiyo," akasema, "umefunga safari kwenda Kisesa kujihoji mwenyewe."

Mpwa alinifuata ngazini akanishika bega. "Ndugu yangu, usihangaike. Nitakuletea shahidi Jumatatu, ameoga na amevaa tai."

Sitadanganya, nilimfikiria huyo shahidi wa tai njia nzima ya kurudi nyumbani, na harufu ya minofu ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha zangu. Lakini niliwaza pia kwamba Mwalimu angemuuliza swali moja tu, na tai ingelowa jasho. Kesho yake nikapita Usagara, nikashuka Kigongo, nikavuka hadi Busisi. Pale gatini nikaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima, muuza chai, aliyekuwepo tangu vivuko vya zamani. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia kisa chote, na kwa mazoea nikaongeza mamba wa tatu. Alicheka mpaka birika likamwagika. Kisha akajipangusa macho na kunipa sentensi chache, nami nikaziandika jinsi zilivyotoka.

Jumatatu nilizibandika ukutani mwenyewe. Mpwa alizisoma, akaishika biki, akaiachia. Safari hii palikuwa na jina la aliyesema, na alikuwa ameona. Mwalimu alizichapa bila kugusa hata nukta, na sangara hawajaniona tena. Yule mama alisema hivi:

"Mwanangu, kivuko hakikuharibika. Alipanda kama watu wote, tulikaa benchi moja. Ndama alikuwa wangu, na kamba niliishika mimi. Yeye alikuwa anatapika."